Siku Mengineyo Yalipotangulia

Pwa. Pwa. Pwa.

Hayo ni makofi ya mpima mizani wetu, mlangoni pa ghala, Jumatatu asubuhi, akiwa amechelewa. Si makofi ya kushangilia. Ni yale ya huku kwetu Ufipa, ya kumsalimu mtu kwa heshima: unainama kidogo, unakunja viganja kana kwamba umechota maji, unavigonganisha taratibu, na sauti inatoka nzito kama mtu anayegonga kibuyu kitupu. Mpaka leo nikiisikia sauti hiyo, hata iwe msibani, mkono wangu unatafuta kalamu.

Kwa sababu kila ilipolia, mkutano wetu ulikufa.

Na mwenyewe wala hakuwa Mfipa. Wazazi wake walikuja Rukwa na ng'ombe kutoka upande wa Ziwa Victoria, yeye akiwa mdogo, na salamu za Kifipa alizishika kwa bidii ya mtu aliyejifunza. Sisi wenyeji tunaweza kuingia mahali na kusema "habari za humu" kwa jumla, tukaketi. Yeye hapana. Alisalimia mmoja mmoja. Aliuliza mama mzazi kaamkaje, mtoto kapona kikohozi, mbuzi aliyepotea kapatikana. Na makofi ukipigiwa lazima uyajibu, kwa hiyo kikao kizima kiliacha kila kitu na kupiga pwa pwa pwa. Akishamaliza na kuketi, msimamizi wetu alikunjua upya karatasi yake na kusema kwa upole, "Sasa ndugu zangu, tumrudishe mwenzetu nyuma kidogo."

Tukarudi nyuma. Siku moja alimrudisha mpaka kwenye sala.

Kazini kwetu ni hapa Sumbawanga mjini, kwenye mashine ya kukoboa na kusaga mahindi. Mbele kuna mizani na ghala, katikati kuna mashine, na uani akina mama tunachambua maharage. Msimamizi ni mtu wa Mbeya, mcha Mungu, mwenye suti ya bluu aliyoiwekea Jumatatu. Anayeendesha mashine ni kijana wa hapa hapa mjini, mdomo wake haufungwi hata kwa kamba. Na mimi ni mchambuaji. Shule niliishia kidato cha pili, lakini mwandiko wangu ni mzuri, na siku msimamizi alipouliza nani ana kalamu, nilikuwa nayo peke yangu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa katibu.

Nilifurahi kupita kiasi. Nina ndoto zangu. Mojawapo ni kwamba siku moja nitasimama kwenye ukumbi wenye viti vya kitambaa na chupa ndogo za maji mezani, nishike kipaza sauti na kusema, "Karibuni, tuanze." Niliifanyia mazoezi nyumbani mbele ya kuku wa mama. Walichelewa wote.

Ila katibu anaona vitu ambavyo wengine hawavioni, kwa sababu anaviandika. Baada ya Jumatatu tatu nilipekua daftari langu, nikakuta nimeandika mara tatu yale yale. Ajenda ya kwanza, kufungua kikao. Ya pili, kuthibitisha ajenda. Ya tatu, nidhamu ya muda, ambayo ndiyo ilitumalizia muda. Ya nne, usafi. Ya tano, taarifa ya msimamizi. Ya sita, mengineyo. Na chini ya mengineyo, mara zote tatu, nimeandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Hatukufika."

Kwenye mengineyo ndipo alipokuwa bibi.

Si bibi yangu wa kuzaliwa. Ni mama mtu mzima aliyenifundisha kuchambua. Nilipoanza kazi nilikuwa natupa maharage mazima na kuacha mawe, yeye akawa anarudia ungo wangu kimya kimya ili nisifukuzwe. Mwaka mzima. Kwao ni Mwazye, ana shamba huko, lakini amekaa kwenye kigoda chake uani kwetu kabla hata mimi sijaanza darasa la kwanza. Kigoda hicho kiko palepale siku zote, upande wa magharibi, chini ya bomba la mashine linalopumulia vumbi la unga. Asubuhi anafika na mtandio mweusi. Saa sita mtandio umekuwa mweupe.

"Bibi harusi kaingia!" kijana wa mashine alikuwa anampigia kelele. "Bwana harusi yuko wapi?"

"Yuko nyuma ya mashine," bibi anajibu, "anapaka mafuta na kuongea ovyo."

Tunacheka, naye anacheka, halafu kicheko kinageuka kikohozi, na kikohozi hakiishi. Ndipo tunainamia nyungo zetu na kujifanya tunatafuta mawe.

Ombi lake lilikuwa dogo. Wachambuaji wahamie kibaraza cha mashariki. Huko vumbi halifiki, na asubuhi kunapiga jua, lile jua la Sumbawanga ambalo mwezi wa saba, kwa baridi ya huku, unaweza kuligombania na ndugu yako wa damu. Alipomweleza msimamizi, aliambiwa, "Mama, hilo ni jambo zuri sana. Lilete kikaoni." Akalileta. Kikao kikaliweka kwenye mengineyo. Mengineyo hatukufika.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyelitamka. Kwenye kibaraza cha mashariki, mahali penyewe hasa, palilala pikipiki ya msimamizi. Nasema palilala kwa sababu aliifunika shuka. Shuka la maua.

Jumatatu ya tatu, tulipotoka kikaoni, bibi aliniambia polepole, bila hasira, "Mjukuu wangu, mwezi huu ukiisha na mimi bado navuta unga kwa pua, narudi Mwazye. Huu ungo nitakuachia wewe. Ni mwepesi, hauumizi mikono."

Nilikwenda chooni nikalia. Halafu nikanawa, nikamfuata msimamizi nikamwomba kikao kijacho nikipange na kukiendesha mimi.

Aliniangalia kama ambavyo ungemwangalia kuku aliyeomba leseni ya udereva. Lakini ni mtu mwema. "Haya katibu," alisema, "Bwana akutangulie."

Usiku ule sikulala, nilikuwa kwenye simu. Nilimpata mwanamke mmoja kwenye video, ana miwani na koti, anafundisha kuendesha mikutano. Alisema mkutano uanze kwa wakati. Muda ukifika, mlango ufungwe. Aliyechelewa abaki nje, kesho atawahi. Niliona hapo ndipo dawa ilipo. Nikaandika kwenye karatasi kubwa, nikaibandika ghalani: KIKAO SAA MBILI KAMILI. MLANGO UTAFUNGWA.

Jumatatu ikafika. Saa mbili kamili nilifunga mlango na kushusha komeo. Ndani tulikuwa watatu: mimi, msimamizi na kijana wa mashine.

Pwa. Pwa. Pwa.

"Kuna mtu," msimamizi alisema.

"Kachelewa," nilisema mimi. Niliukaza uso kama yule wa miwani.

Pwa, pwa, pwa. Sasa yalikuwa makofi ya watu wengi. Mpima mizani alikuwa ameungana na akina mama wote, kwa sababu asubuhi ile mvua ilinyesha na njia zilikuwa tope tupu. Kijana wa mashine alishindwa kujizuia, akayajibu makofi akiwa amekaa, viganja vyake viko chini ya meza kama mtu anayeficha karanga.

"Usijibu!" nilimnong'oneza.

"Dada katibu, wananisalimia! Unataka nilaaniwe kwa ajili ya karatasi?"

Makofi yakanyamaza. Tukasikia vigoda vinaburuzwa uani, kisha maharage yanaanza kucheza kwenye ungo, shwa, shwa. Walikuwa wamekwenda kazini. Sisi watatu tukaendelea na kikao, na ukiniuliza, kilikwenda vizuri ajabu. Tulipita ajenda zote sita kwa dakika chache tu. Tulikubaliana kwa kauli moja kwamba watu wahudhurie vikao. Tulipofika kwenye mengineyo nilisema, "Bibi, karibu," halafu nikakumbuka bibi yuko upande wa pili wa komeo.

Nilipofungua mlango, yeye ndiye alikuwa karibu. Aliweka ungo chini, akainama, akanipigia makofi. Yeye, mtu mzima, kunisalimia mimi.

"Shikamoo bibi, shikamoo, usiniinamie bibi."

"Marahaba. Mlango wako mgumu, mjukuu wangu."

Mchana nilimfuata na kipande cha muhogo, nikakaa kwenye gunia karibu naye nimwombe radhi. Vumbi lilikuwa linatunyeshea wote wawili. Nikamweleza habari za yule mwanamke wa miwani, kwamba salamu zinakula muda.

"Huyo wa miwani kwao wanasalimiana?" aliuliza.

"Sijui, bibi. Alianza tu kuongea."

Bibi alitoa jiwe kwenye maharage, akalitupa. "Sikiliza. Wewe unataka nisimame niseme habari za kifua changu mbele ya watu ambao sijawauliza wameamkaje. Nitaanzia wapi? Hata daktari ananisalimia kwanza." Akakohoa, akasubiri kiishe. "Mimi salamu hazinicheleweshi. Kinachonichelewesha ni yule mzee wako kurudi nyuma."

Nilikaa na muhogo mdomoni bila kutafuna. Wiki zote hizi nilikuwa napekua maharage yasiyo na kosa na kuliacha jiwe. Tena.

Basi wiki ile nilipanga upya. Ile video niliifuta, nikampanga kila mtu kama alivyo. Mpima mizani hawezi kuwahi, ng'ombe wa baba yake lazima watolewe kwanza. Basi nilimwomba akifika akute tumeanza, aweke mkono kifuani, akae, na salamu zake atazitoa zote mwishoni, tutamsubiri. Alifikiri sana. "Zote?" aliuliza. "Hata za watoto?" Nikamwapia hata za watoto. Kwa waliobaki, niliweka salamu saa moja na nusu, uani, kwa chai na maandazi. Watu wasalimiane mpaka waridhike, na saa mbili tuanze.

Kisha nikaichukua orodha ya ajenda nikaigeuza. Mengineyo, ya kwanza; usafi, ya pili; nyingine zikafuata. Nilipoiandika hivyo nilihisi kama nimevaa nguo nje ndani, lakini nikaiacha.

Jambo la mwisho sikumwambia mtu isipokuwa kijana wa mashine. Nilimwomba siku hiyo asizime mashine mapema. Kuna mteja alikuwa ameacha mahindi yake tangu Jumamosi, ayasage kwanza. Na kikao nilikihamishia uani, upande wa magharibi. Kiti cha msimamizi nilikiweka pale panapostahili kiongozi, katikati, pembeni ya kigoda cha bibi.

"Dada katibu," kijana alisema huku macho yanamwaka, "wewe mshikaji wa hatari."

Msimamizi alifika na suti yake ya bluu imepigwa pasi. Alisalimiwa, akanywa chai, akala maandazi mawili, akafurahi. Saa mbili akaketi, akafumba macho, akafungua kinywa kwa sala. Mashine ikapumua.

Mimi namheshimu mtu anayesali, na ndiyo maana nasema kwa haki kwamba alijitahidi. Alimshukuru Mungu kwa wiki mpya. Akakohoa. Akamshukuru kwa afya. Akakohoa zaidi. Alipofika kwenye kuombea mvua alitema kitu. Ilikuwa sala fupi kuliko zote alizowahi kutuombea, na alipofumbua macho, nyusi zake zilikuwa nyeupe.

"Mzee," kijana alisema kutoka mlangoni pa mashine, kwa sauti ya huzuni kabisa, "mbona umezeeka ghafla? Kuna matatizo nyumbani?"

Akina mama wakaficha nyuso kwenye mitandio. Mahindi ya mteja yakaisha, mashine ikazimwa. Nikasimama. Nikalishika daftari kwa mikono miwili. "Karibuni, tuanze," nilisema. Hapakuwa na kipaza sauti. "Ajenda ya kwanza ni mengineyo. Bibi, karibu."

Msimamizi aliangalia karatasi yangu mbele na nyuma. "Mengineyo huwa mwisho, katibu."

"Ndiyo mzee. Leo yamewahi."

Bibi hakusimama. Alimgeukia msimamizi aliyekuwa pembeni yake, akamuuliza hali ya mkewe, ambaye alikuwa anaumwa mguu. Msimamizi akajibu mguu unaendelea vizuri. Halafu bibi akasema, kwa sauti ile ile ya kuulizia mguu, "Mimi hapa nakaa kila siku. Wewe leo umekaa kwa sala moja. Nataka kuhamia mashariki."

Basi. Hayo ndiyo maneno yaliyosubiri Jumatatu nne.

Msimamizi alijipangusa nyusi, akaangalia mkono wake. Aliuangalia muda mrefu. "Hivi ndivyo inavyokuwa?" aliuliza. "Kila siku?"

"Jumamosi huwa zaidi," bibi alisema, "wateja ni wengi."

"Mbona hamkuniambia?"

Hapo nilimpenda na kumchukia kwa wakati mmoja, kwa sababu niliona wazi kwamba anauliza kweli. Nilitaka kumfungulia daftari, nimwonyeshe "Hatukufika" tatu. Sikufungua. Niliuliza tu, "Wahamie, au wasihamie?"

"Wahamie," alisema. "Sasa mashariki wakae sehemu gani?"

Watu wote waligeuza shingo kuelekea mashariki. Kutoka pale uani unaona pembe ya kibaraza, na kwenye pembe hiyo, shuka la maua. Mimi nilijikaza nisijaze ule ukimya. Nilihesabu moyoni mpaka kumi na nne.

"Kuna... kuna pikipiki pale," msimamizi alisema hatimaye.

"Pikipiki ipi?" kijana wa mashine aliuliza.

"Wewe unaijua!"

"Aa! Ile! Mimi siku zote nilidhani ni mgonjwa kalala."

Watu waliangua kicheko, na nashukuru msimamizi naye alicheka, ingawa alikuwa wa mwisho kuanza. "Lakini nikiitoa pale niiweke wapi? Hapa? Si itaharibika na hili vumbi!"

Akayasikia mwenyewe maneno yake. Nilimwona anayasikia. Bibi akampigapiga goti kama unavyombembeleza mtoto. "Iweke tu, mwanangu. Pikipiki haina kifua."

Niliandika. Nikauliza nani ataitoa, na lini. Vikao vyetu vyote vilikuwa vinaamua mambo bila mtu na bila siku. Msimamizi alisema ataitoa yeye mwenyewe, leo, kabla ya saa nne. Nikaandika na hilo, nikalisoma kwa sauti, akatikisa kichwa kukubali, unga ukadondoka.

Wakati huo huo mpima mizani akaingia, jasho linamtoka. Alituona sote tumekaa duara. Mikono yake ikaanza kuinuka yenyewe, viganja vikajikunja, nikamkazia macho. Alisimama hivyo, mikono hewani, kama mtu aliyesahau alichotaka kubeba. Kisha taratibu akaweka mmoja kifuani, akakaa. Sijawahi kuona mwanaume akiteseka vile.

"Sasa ndugu zangu," msimamizi alianza, "tumrudishe mwenzetu..."

"HAPANA!" tukasema wote. Hata bibi.

Tukaenda mbele. Tulifika ajenda ya pili, usafi, na saa tatu kasorobo wateja walikuwa wameshaanza kugonga madebe kule mbele. Nikasema tufunge.

"Na ajenda zangu nyingine?" msimamizi aliuliza.

"Mzee, zitaingia kwenye mengineyo."

Halafu, kama nilivyoahidi, tulimpa mpima mizani salamu zake. Alianza na bibi. Alisalimia mmoja mmoja, hata za watoto, na uani kote kukawa pwa pwa pwa, na madebe ya wateja yanaitikia mbele. Zilichukua muda mrefu kuliko ajenda ya kwanza. Sikuangalia saa.

Kabla ya saa nne msimamizi alisukuma pikipiki yake kuileta magharibi, na shuka lake. Akina mama walikubaliana wahame kesho yake, maana maharage ya siku ile yalikuwa yameshamwagwa chini upande wa zamani.

Mchana, wenzangu walipokwenda kula na mashine ikawa inanguruma peke yake na kijana wake ndani, nilibeba kigoda cha bibi mpaka kibaraza cha mashariki. Nilikiweka pale palipokuwa na alama za matairi. Nikakisogeza kidogo, jua lisimpige machoni. Kisha nikavua kitambaa changu cheusi cha kichwa, nikakitandika juu ya kigoda, nikakaa chini sakafuni kukitazama, nywele zangu wazi, upepo wa baridi unanipita masikioni.

Nilikaa mpaka wenzangu walipoanza kurudi. Nikakichukua kitambaa, nikakikung'uta kwa nguvu kwenye jua.

Hakikutoa hata chembe ya unga. Nikakifunga tena kichwani.